Sabufa ya inchi 10: konani, katikati ya ukuta au karibu na kochi?

kinanda_88
Wakuu, sebule ni mita 4.3 kwa 3.4, dari mita 2.7, kuta za tofali za saruji. Sabufa ni moja, tundu lake la hewa liko nyuma. Kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Niiweke wapi nisikie besi noti kwa noti, siyo mvumo mmoja tu?

fundi_mawimbi
Konani ndiko inakolia kwa nguvu zaidi. Sakafu na kuta mbili zinairudisha sauti, na kinadharia kila uso unaongeza hadi desibeli 6. Ubaya wake, kona inaamsha mivumo yote ya chumba (noti ambazo chumba chenyewe kinazikuza) kwa mpigo. Chukua 343 (kasi ya sauti, mita kwa sekunde), gawa kwa urefu mara mbili: urefu wako unatoa 40 Hz (mitetemo kwa sekunde), upana 50, kimo 64. Noti zikiangukia hapo zinavimba, na saruji haimezi besi, kwa hiyo zinachelewa kuzima. Ukiamua kona, shusha volyumu ya sabufa.

besi_kavu
Napinga kona kwa chumba hiki. Weka katikati ya ukuta wa mbele, ule wa mita 3.4. Mvumo wa 50 Hz una shinikizo sifuri katikati ya upana, kwa hiyo sabufa ikikaa hapo haiuamshi. Unabaki hasa na wa 40, na huo dawa yake ni kochi. Kichwa kikiwa ukutani kinapokea kilele cha kila mvumo wa urefu. Ukikipeleka katikati kabisa ya chumba, 40 Hz inatoweka, na noti hizo utazikosa. Anzia asilimia 38 ya urefu, yaani kama mita 1.6 toka ukuta wa nyuma. Kama nafasi ni finyu, sentimita 50 zitapunguza uvimbe wa 80 Hz (mvumo wa pili wa urefu), ila wa 40 utabaki karibu vilevile.

kinanda_88
Na pembeni ya kochi?

mpimaji
Inafaa ukisikiliza peke yako usiku: sabufa iko karibu, volyumu ndogo inatosha, jirani analala. Lakini sikio litajua sauti inatokea wapi, hivyo shusha krosova (masafa ambapo sabufa inaziachia spika nyingine kazi) hadi 60 au 70 Hz. Pia spika kubwa zikiwa mbali zaidi kwa mita 3, besi inatangulia kwa karibu milisekunde 9. Kama risiva ina sehemu ya kujaza umbali, jaza vipimo halisi kwa futikamba.

Kabla hujachagua, jaribu kinyume. Pandisha sabufa juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Tafuta pale noti zinapolingana, siyo pale zinapolia zaidi. Hapo ndipo sabufa ikae. Halafu kaa kwenye kochi, piga toni ya masafa ya krosova (kwa kawaida 80 Hz), geuza swichi ya fezi (inayolinganisha mwendo wa sabufa na wa spika nyingine) 0 na 180, uache upande wenye sauti kubwa.

besi_kavu
Nakubaliana na mpimaji. Ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani) ije mwisho, na ni ya kukata vilele tu. Noti iliyopotea kwa sababu ya mahali ulipokaa hairudi kwa kuongeza: desibeli 10 ni nguvu mara 10, koni (ngozi ya spika inayotetema) itagonga mwisho na shimo litabaki palepale. Siku ukiongeza sabufa ya pili inayofanana na hii, weka katikati ya ukuta wa nyuma, fezi ileile. Mvumo wa 40 Hz utajifuta.

fundi_mawimbi
Tusisahau spika kubwa. Koni ikiwa mita 1 toka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi inaiua 86 Hz, jirani kabisa na krosova ya kawaida. Zisogeze hadi sentimita 20 au 30, shimo lipande juu ambako spika inarusha sauti mbele zaidi. Sabufa yenyewe usiitumbukize kwenye kabati la TV, mbao zitatetema. Na nyuma ya tundu acha angalau sentimita 10, la sivyo hewa inabanwa na utasikia mfoko.