Tupeane uzoefu: homa isiyokwisha, kumbe imetoka zizini

Mama Zuhura, Kisauni

Assalaam aleykum wanajamvi, na habari za jioni kwa wote. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nalitoa.

Mwaka jana niliumwa miezi minne. Homa inapanda magharibi, usiku natoka jasho mpaka shuka nalikamua, asubuhi naamka kama mzima. Kisha mgongo, kisha nyonga, kisha magoti. Nilifika hali ya kushindwa kukaa juu ya mbuzi nikakuna hata nazi moja. Zuhura wangu wa miaka 11 ndiye aliyekuwa akinikunia. Nilitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja kwa sindano. Napata nafuu siku chache, inarudi.

Zahanati zote nilizopita hakuna aliyeniuliza ninaishi na nini wala ninakunywa nini. Aliyeuliza ni daktari mmoja kijana: "Mama, nyumbani mnafuga? Maziwa mnapata wapi?" Nikamwambia mama mkwe yuko Mariakani, ana mbuzi na ng'ombe wawili, kila Ijumaa hutupakilia dumu la maziwa kwenye matatu. "Mnayachemsha?" Nikanyamaza. Ya chai twachemsha. Ya kugandisha hatuchemshi, ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya.

Damu ikapimwa kwa vipimo viwili tofauti, maana alisema kile cha haraka peke yake hudanganya. Ikawa brusela, maradhi ya vijidudu yanayompata mtu kutoka kwa mifugo. Nikapewa dawa mbili za kuua vijidudu, doksisaiklini na rifampisini, wiki 6. Hapa nawaomba mnisikilize: wiki ya tatu nilijiona nimepona, na mkojo ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa nikaingiwa na hofu, nikaacha dawa. Mwezi haukuisha homa ikarudi na mgongo ukarudi, nikaanza wiki 6 upya. Ile rangi ni ya rifampisini tu, haina ubaya, laiti ningaliambiwa mapema. Na doksisaiklini msiimeze kwa maziwa, huizuia isiingie mwilini vizuri.

Nani mwingine amepitia haya, au maradhi yoyote ya kutoka kwa wanyama?

Mchinjaji, Changamwe

Shukran dada kwa kuanza, nimepata ujasiri. Mimi nachinja mwaka wa 14 huu, na mikono yangu haikosi mikato ya kisu. Nilishikwa na homa kama hiyo yako, halafu korodani moja ikavimba. Nilinyamaza wiki tatu, hata mke wangu sikumwambia, nikihofu atadhani nimetoka nje. Ndugu zangu wanaume, msifanye nilivyofanya mimi. Brusela hushuka mpaka huko, na ukichelewa yaweza kukuharibia uzazi.

Nilipoulizwa nikakumbuka mbuzi mmoja aliyekuwa na mimba. Nililipasua tumbo la uzazi kwa mikono mitupu, kidole kina jeraha bichi, na maji yake yalinirukia usoni. Vijidudu huingia kwa jeraha na kwa macho pia. Mkaguzi wa nyama alikuwapo na simlaumu. Ini lenye minyoo atalikata, lakini brusela huioni kwa kutazama nyama. Sasa sichinji bila glavu na aproni ndefu, na aliye na mimba simpasui tumbo la uzazi, nalitoa zima.

Bin Omar, Majengo

Mimi swali tu. Maziwa yakishaganda si yanakuwa salama? Ule uchachu si unaua vijidudu?

Nesi mstaafu, Tudor

La, mwanangu. Uchachu hauaminiki kwa brusela. Chemsha kwanza mpaka yapande, yaache yapoe, tia kijiko cha maziwa lala ya jana uyafunike. Yataganda vizuri kabisa.

Maradhi haya zamani yaliitwa homa ya Malta, kwa jina la kile kisiwa cha bahari ya Mediterania. Askari wa Uingereza walikuwa wakiumwa na kufa huko, na mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce akakipata kijidudu kwenye wengu za maiti. Lakini kilitoka wapi? Miaka 18 watu wanalaumu hewa na maji machafu. Mwaka 1905 daktari wa hapo hapo Malta, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi akakikuta. Na mbuzi wenyewe walikuwa wazima, wanang'aa, wanapitishwa mlango kwa mlango wakikamuliwa mbele ya mnunuzi. Askari walipokatazwa maziwa hayo mwaka uliofuata, homa ilishuka. Kwa hiyo mtu asikwambie "mbuzi wangu hana ugonjwa, mtazame alivyonenepa."

Baba Salma, Likoni

Yangu si brusela, ni mbwa. Salma alikuwa na miaka 6, mbwa wa mtaani akamuuma shavu la mguu njiani kutoka madrasa. Jirani akaleta pilipili na mafuta ya taa apake. Bibi yake akakataa katakata, akamkalisha juu ya ndoo, akaosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika, dumu zima la lita 20 likaisha. Robo saa mtoto analia na bibi anaosha. Hospitalini daktari alisema kuosha vile ni nusu ya tiba.

Zahanati ya kwanza chanjo hawakuwa nayo. Nikapanda feri siku ile ile, nikaipata kisiwani kwa pesa yangu. Siku ya kwanza, ya 3, ya 7, ya 14, ya 28, sikuruka hata moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Usingoje kuona mbwa atakufa au hatakufa.

Mzaliwa wa Garsen

Sisi wa Tana tunakumbuka mvua za mwisho wa 2006. Mto ulifurika, mbu wakajaa, kondoo wakaanza kutupa mimba zizi zima kwa usiku mmoja. Wazee walijua kuna jambo kabla ya redio kusema. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, maradhi ya mifugo yaenezwayo na mbu ambayo humpata na mtu, ile iliyogunduliwa karibu na Naivasha mwaka 1931. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini, wengi wafugaji na wachinjaji. Ami yangu alimchuna kondoo aliyekufa, maana kumtupa aliona ni hasara, akaanza kutokwa damu fizini siku ya nne. Tulimzika.

Mama Zuhura, Kisauni

Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Nimesoma nikilia.

Alfajiri hii mama mkwe amenipigia: mbuzi mweusi ametupa mimba, wa pili mwezi huu. Alitaka kukichukua kile kitoto na kondo awatupie mbwa. Nikamwambia, "Mama, tafadhali usiguse, wajukuu wasisogee, wafungie mbwa." Amekubali, japo kwa maziwa bado tunavutana, asema yakichemshwa yamekufa ladha. Daktari wa mifugo wa kaunti ameahidi kufika saa nne, wachimbe shimo refu wazike, kisha atoe damu mbuzi wote. Nimenunua glavu jozi sita na chokaa, niko kwenye matatu tumepita Miritini. Jioni nitawaandikia majibu.