Niko kwenye kamati ya basari ya wadi: ripoti za pesa naweza kuzipata wapi?

MzaziWadini: Wadau, hamjambo. Nawakilisha wazazi kwenye kamati ya basari ya wadi yetu hapa Kenya. Tunapitia fomu, tunapendekeza majina, tunatia sahihi. Baada ya hapo hatuoni chochote tena. Muhula huu mayatima wawili tuliowapitisha wamefukuzwa shule kwa sababu ya karo, na ofisini wanasema hundi zilishatoka. Nikiuliza zaidi naambiwa hiyo ni kazi ya wakaguzi. Bunge la kaunti hupewa ripoti gani, nami naweza kuiona? Sitaki kusimama barazani bila karatasi mkononi.

KaraniMstaafu: Ndugu, ikiwa basari yenu ni mfuko wa fedha wa kaunti, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inambana msimamizi wake. Soma vifungu 167 na 168. Anatakiwa kutoa ripoti kila robo mwaka, ndani ya siku 15 baada ya robo kuisha, na hesabu za mwaka zimfikie Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu baada ya Juni 30. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, anayeidhinisha pesa za umma kutolewa, ziko mtandaoni, ila utaona jumla tu. Hundi ya mtoto fulani hutaiona humo.

BiZawadi: Hundi ziombe kwa barua, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu, na hulazimiki kueleza sababu. Usiandike "taarifa zote za basari", watakuzungusha. Taja wadi, mwaka, namba za hundi, tarehe, shule na kiasi. Majina ya watoto wanaweza kukunyima kwa sababu ya faragha. Namba ya hundi si siri ya mtoto yeyote. Kisha linganisha na risiti za shule. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma.

Mwanakaunti: Kabla ya kumshuku mtu, uliza kama pesa zilikwama. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizuia basari za kaunti zisizo na makubaliano na serikali kuu, magavana wakaenda kortini. Kama zilitoka kweli, peleka ombi rasmi bunge la kaunti. Katiba, ibara ya 229, inawapa miezi mitatu kujadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kuchukua hatua.

MzaziWadini: Asanteni sana. Barua iwe ya kamati au yangu binafsi?

BiZawadi: Yako. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari, huhitaji sahihi ya mwenyekiti. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.