CHOMBO CHETU 🚤 Ukoo wa Bi Rukia

*Ijumaa*

[06:12] Khalati Zainabu: Jumaa Mubarak wanangu. Mola awape afya na rizki ya halali. 🌹🌹🌹

[06:40] Mwanaisha: Amin khalati. Haya, naomba kila mtu asome hapa mpaka mwisho, asiruke. Bamvua, yale maji makubwa, ni Jumanne. Maji yatajaa Matondoni alasiri, baada ya saa kumi. Chombo kile hakitoki pale mchangani kwa maji mafu, mwalijua hilo. Tukikosa Jumanne ni wiki mbili tena. Na Jumamosi inayofuata ni arusi ya Salma, Faza, na wageni wa kutoka Amu ni sitini. Nyumba zilizotoa mchango ni 9 kati ya 22. Nimemaliza.

[06:58] Bakari Msa: Chombo kipi tena hicho? Kile cha mwaka jana au kimezaa mwengine 😂

[06:59] Mwanaisha: Bakari wewe hujatoa.

[07:01] Bakari Msa: Natoa mwisho wa mwezi

[07:01] Mwanaisha: Mwezi upi

[07:30] Mwanaisha: Athmani uko Matondoni? Waeleze watu hali ilivyo, usiwafiche.

[08:47] Athmani: Assalam alaikum. Niko chini ya chombo sasa hivi. Upande wa kushoto mbao tatu zimeachana, kidole kinaingia. Si kosa la aliyetia kalafati, ni jua. Tuliambiwa miezi 6, leo ni 14, mbao zimekaa juu zimekauka. Hamisi anatia pamba upya kutoka mkukuni kwenda juu. Mashine iko ndani ila shafti haijalingana nayo, ukiiwasha chombo kizima chatetemeka mpaka meno yanagongana. Fundi wa mashine asema hata akiilinganisha hapa mchangani itakuwa kazi bure, kwa sababu chombo kikielea umbo lake linabadilika kidogo na shafti itapinda tena. Ataka kielee kwanza, kikae siku kadhaa, ndipo apime na kukaza. Jengine, waya wa usukani umekuja mfupi. Umepungua kama mkono mmoja.

[08:49] Bakari Msa: Uungeni kwa leso 😂😂

[08:49] Nuru: 😂😂😂

[08:50] Bakari Msa: Leso ya Khalati Zainabu ile ya maua, haikatiki hata ukivuta meli

[08:52] Khalati Zainabu: Leso yangu iacheni

[08:53] Nuru: Jina lake ndio liwe la chombo basi. LESO YA KHALATI

[08:55] Mwanaisha: Jamani. Waya wa usukani. Watu watapanda hapo na watoto wao. Hamuoni kama ni jambo?

[08:55] Nuru: Samahani da Mwanaisha

[09:20] Mwanaisha: Waya mpya ni elfu 11 na hupatikana Mombasa tu. Bakari uko Mombasa. Leo ni Ijumaa, maduka yafungua tena baada ya sala. Uutie kwenye basi la usiku, kesho uko Mokowe. Nasubiri jibu.

[11:46] Mwanaisha: Bakari

[13:58] Bakari Msa: Nimetoka msikitini. Elfu 11 yenyewe iko wapi?

[14:10] Mwanaisha: Ndio nawaambia watu watoe!!

[14:31] Omari Faza: Mimi nitatoa. Lakini nina swali. Mashine ile nani alisema inunuliwe? Kikao cha kwa Ami Lali tulikubaliana ndogo. Imekuja kubwa, nzito, tezi huko nyuma italala. Hapo mlango wa Mkanda maji yakipwa tutakwenda tukisugua mchanga kama mashua ya makaa. Na mbao tulilipia mbambakofi, nusu yake ni mwembe. Naliona kwa macho yangu.

[14:40] Mwanaisha: Iliyopatikana ndiyo iliyonunuliwa Omari. Ile ndogo iliuzwa kabla hatujamaliza kuchanga. Mungejitolea mapema tungeiwahi.

[14:44] Omari Faza: Mimi na kujitolea? Ya SALAMA mumeyasahau. Baba alikuwa na robo ya chombo kile. Kiliuzwa wiki ya arubaini yake, mama yangu hakuambiwa, hata gharama ya hitima tulikopa. Leo mimi ndiye wa kuhesabiwa.

[14:45] *Ujumbe huu umefutwa*

[14:46] Omari Faza: Nimeuona kabla hujaufuta Mwanaisha

[14:46] Mwanaisha: Sikukusudia hivyo. Naomba radhi.

[15:30] Khalati Zainabu: Msitonesheane vidonda wanangu. Leo Ijumaa.

[17:05] Swaleh Glasgow: Assalam alaikum wote. Nimetoka kazini ndio naona. Ndugu yangu Omari hilo la SALAMA mimi nilikuwa mdogo ila najua una haki, na lina kikao chake. Ila kabla ya Jumanne niruhusuni niwasimulie jambo la huku, kwa sababu nikisoma hizi meseji nalikumbuka.

[17:14] Swaleh Glasgow: Karibu na ninapoishi huku Scotland, Port Glasgow, kuna yadi ya meli ya miaka mingi. 2015 ilipewa kazi ya kuunda feri mbili za kupeleka watu visiwani, pauni milioni 97 zote mbili. Ya kwanza, Glen Sannox, ilikuwa ya kisiwa cha Arran na ilitakiwa imalizike 2018. Novemba 2017 wakaishua mbele ya wakubwa, waziri kiongozi mwenyewe akiwepo. Picha nzuri, bendera, makofi. Kumbe madirisha ya juu pale mbele yalikuwa yamechorwa kwa rangi! Hayakuwa madirisha. Ndani haikuwa tayari kabisa. Baada ya hapo ni maneno tu kati ya yadi na wenye kuagiza, kila mmoja asema kosa ni la mwenzake. 2019 yadi ikafilisika, serikali ikaichukua. Mashine zake ni za kula dizeli na gesi iliyopoozwa ikawa maji, na mitambo hiyo ya gesi ikaleta kuchelewa kwingine. Halafu, sikilizeni hapa, ikaonekana nyaya za umeme ndani ya meli, mamia, zimekatwa FUPI. Hazifiki zinapotakiwa. Ikabidi zing'olewe.

[17:15] Nuru: Wallahi?

[17:15] Bakari Msa: Hata wao walikosa leso

[17:19] Swaleh Glasgow: Ilianza kubeba watu Januari 2025. Miaka saba na zaidi tangu siku ya bendera. Na gharama ya zote mbili ikapita pauni milioni 400. Watu wa Arran wamekaa wakitumia meli kuukuu zinazoharibika kila mara, mgonjwa ana miadi mjini, feri imefutwa. Mimi nikiwasikia hapa nawakumbuka watu wa Pate. Ombi langu ni moja. Chombo kikielea hakijawa tayari. Wale waliharakisha siku ya picha. Sisi tunaharakisha arusi.

[17:22] Mwanaisha: Swaleh nakupenda ndugu yangu lakini hiyo ni meli ya serikali yenye mabilioni. Hiki ni chombo cha watu thalathini.

[17:23] Swaleh Glasgow: Thalathini da Mwanaisha. Umesema wageni sitini.

[17:40] Mwanaisha: Safari mbili

[17:52] Athmani: Safari mbili haziwezekani siku moja, dada. Mkanda ukipita na maji ya asubuhi, kurudi mpaka maji mengine. Wa pili watafika Faza biriani imekwisha.

[17:53] Bakari Msa: Hapo sasa ndio umesema jambo zito

[17:53] Nuru: 😂😂

[18:01] +254: Mkaguzi ashakuja?

[18:02] Mwanaisha: Nani huyu?

[18:20] +254: Mimi Shee wa Siyu, nimebadilisha laini

[18:24] Athmani: Hajaja. Alisema tumwite kikiwa majini, na akute jaketi za kuokolea kwa kila abiria, za watoto pia, na mtungi wa kuzimia moto. Jaketi tunazo 18.

[18:26] Mwanaisha: Tutaazima.

[18:27] Omari Faza: Kwa nani utaazima jaketi siku ya arusi na kila mashua inabeba watu wa arusi hiyo hiyo?

[18:50] Mwanaisha: Basi niambieni mnataka nifanye nini. Mwaka mzima mimi ndiye napiga simu, mimi ndiye mbaya. Nilianza jambo hili kwa sababu ya Mwanamkuu na nyote mwajua. Saa saba ya usiku, Mtangawanda, hakuna chombo. Sikuanza kwa ajili ya biriani.

[19:35] Khalati Zainabu: Allah amrehemu

[19:36] Shee Siyu: Amin

[19:36] Athmani: Amin

[20:11] Ami Lali: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:02)

[20:13] Bakari Msa: Ami amesema nini? Niko kwa matatu sisikii

[20:21] Nuru: Naandika kama alivyosema: "Nimewasikiya nyote. Mwanaisha, mwanangu, kazi yako naiyona, usilie. Chombo nakishuliwe bamvua hini, kinwe mayi, mbao zifure zifungane. Zikikaa yuwani tena zitaatana zote. Lakini mtu hapandi. Si wa arusi, si wa maziko, si mwenye haraka, si mwenye pesa. Mpaka shafti inyooke, usukani ushike, na mkaguzi aseme. Mimi nalikuwa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, siku kama ya yeo, Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipopinduka. Watu 272. Karibu na gati, mtu waona nyumba za watu. Haikuuliwa ni mawimbi, iliuliwa ni kujaza. Nimeopoa kwa mikono hini. Sitaki kuopoa wa kwangu. Na Omari, la babako ndoo kwangu Jumapili baada ya alasiri, uje na mamako. Lile deni nalijua."

[21:04] Mwanaisha: Nimesikia ami.

[21:06] Omari Faza: Nimesikia ami. Tutakuja in shaa Allah.

[21:10] Swaleh Glasgow: Allah akuweke ami. Nimetuma elfu 6 kwa Athmani, ya waya.

[21:12] Mwanaisha: Bado 5. Bakari?

[21:40] Mwanaisha: Na wageni wa arusi watakwenda na nini, jamani? Salma ataniuliza mimi.

[21:41] Shee Siyu: Mashua ya shemeji yangu inabeba 20. Nitamuuliza. Siahidi.

[22:15] Bakari Msa: Duka la waya limefungwa, nimepita. Lafungua kesho saa mbili. Naununua, 5 iliyobaki naitia mimi, lakini basi la usiku limeshaondoka. Utatoka kesho usiku, Jumapili uko Mokowe.

[22:16] Mwanaisha: Athmani, Jumapili mpaka Jumanne fundi atawahi kuutia?

[22:48] Athmani: Usukani pengine. Hamisi leo amemaliza mbao mbili, ya tatu kesho. Hata hivyo siku za mwanzo kitaingiza maji tu mpaka mbao zifure, lazima watu wanne walale ndani wakichota kwa zamu. Hadi sasa niko mimi na Hamisi. Ndoo tunazo tatu.

[22:50] Mwanaisha: Nani atalala Jumanne? Na ndoo nani ana?

[23:31] Shee Siyu: Jumanne hii au ile ya bamvua nyingine?