Gripe, mafua ya vumbi, sinizite: watu wa Goma, tupeane uzoefu

Mama wa Katindo
Asubuhi jirani amenigongea mlango akitafuta amoksisilini, ile antibiotiki, iliyobaki, mtoto wake ana mafua. Nimekumbuka mengi. Hapa kwetu kila pua inayochuruzika tunaiita gripe, halafu mbio famasi, kijana anakufungia vidonge vya rangi mbili kwenye karatasi bila hata kuuliza mgonjwa ana umri gani. Mimi natofautisha hivi. Koo likianza kuwasha polepole, kesho yake pua, homa hakuna au ni kidogo, hayo ni mafua ya kawaida. Wiki moja, siku kumi, yanaisha yenyewe. Gripe yenyewe, ile influenza, haibishi hodi. Asubuhi uko soko la Virunga unabeba mzigo, jioni kichwa hakiinuki, viungo vyote vinauma, homa 39. Ninyi mnajuaje?

Motari wa Birere
Mama umesahau mafua ya vumbi, na njo yetu sisi wa barabarani. Kiangazi, Julai na Agosti, ukiacha lami ukaingia avenue za mawe, lile vumbi la volkano linakufuata mpaka kitandani. Chafya mfululizo, macho na pua vinawasha, makamasi kama maji, lakini homa hakuna na bugali unaimaliza. Mvua za Septemba zikirudi yanapotea. Hiyo ni aleji, dawa za gripe haziiponyeshi. Setirizini, dawa ya aleji, inasaidia. Na kitambaa puani, na kuosha pua jioni kwa maji ya chumvi.

Fundi wa chukudu
Ni vile kabisa. Unga wa mbao ninapochonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nao hivyohivyo.

Yaya wa Himbi
Na moshi wa makala, yaani mkaa, mbona hamuutaji? Unapika ndani kwa sababu ya mvua, mlango umefunga, watoto wote wanakohoa, halafu tunasema baridi.

Mama wa Ndosho
Naandika kwa sababu ya neno “mtoto ana mafua”. Wangu alikuwa hajatimiza mwaka. Ilianza pua tu, tena maji mepesi. Mama mkwe akataka kumtia mawese puani, nikakataa, tukakosana. Jirani naye anasema mfukize, ni baridi ya ziwa hiyo. Usiku mtoto akaacha kunyonya. Nilimvua nguo nikawasha taa ya simu kifuani: kila akivuta pumzi, pale chini ya mbavu panaingia ndani. Yule mama anayepita nyumba kwa nyumba kufundisha mambo ya afya alikuwa ametuonyesha kuhesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Nilihesabu, ikapita 60. Nikarudia nikidhani nimekosea, ikapita tena.

Baba yake yuko safari. Nilimfunga mgongoni, halafu nikamtoa mgongoni kwa sababu simwoni, nikamkumbatia mbele, nikatoka kutafuta moto, yaani pikipiki. Kituo cha kwanza wakasema hawana oksijeni, twende mbele. Njiani midomo ilikuwa inabadilika rangi, motari anaruka mashimo huku anasali kwa sauti. Kule mbele walimpokea hata karatasi haijaandikwa, wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano. Nimonia. Leo anasoma. Lakini mtu akiniambia “ni mafua tu” mbele ya mtoto anayehema vile, siwezi kunyamaza.

Fundi wa chukudu
Mungu ni mkubwa. Pole sana mama.

Yaya wa Himbi
Nimelia. Yule motari Mungu ambariki popote alipo.

Papa wa Majengo
Basi mnaona! Angepewa amoksi siku ya kwanza yote hayo yasingefika. Mimi makamasi yakigeuka kijani tu nameza, siku ya tano nimepona.

Muuguzi, Keshero
Papa, kwa heshima zote, hapana. Mafua yanaletwa na virusi, viko vya aina zaidi ya 200, na amoksisilini haiui hata kimoja. Yule mtoto alipewa antibiotiki kwa sababu walimwona wakakuta nimonia. Makamasi ya kijani peke yake si dalili ya bakteria, hata mafua ya kawaida hufika hapo. Tukimeza ovyo, siku ya nimonia ya kweli bakteria watakuwa wameizoea dawa.

Wazazi, shikeni hili: miezi 2 mpaka 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari, mwaka 1 mpaka 5, ni 40. Mbavu zikiingia ndani, au mtoto akishindwa kunyonya, msingoje asubuhi. Na mafuta puani msitie, yanaweza kushuka mpaka kwenye mapafu.

Papa wa Majengo
Mawese tumelelewa nayo sote.

Motari wa Birere
Papa, na siku ya tano hata asiyemeza kitu anaanza kupona.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Sisi Bukavu tunachemsha majani ya mikaratusi, unajifunika blanketi, unatoka jasho, pua inafunguka. Tangawizi na limau juu yake.

Muuguzi, Keshero
Mtu mzima sawa, inampa nafuu ingawa haiui virusi. Mtoto msimfunike na sufuria, tunapokea waliobabuka. Asali kwa kikohozi ni nzuri, ila kamwe kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. Aspirini pia si ya watoto.

Mwalimu wa Himbi
Mimi langu ni sinizite, yaani uvimbe kwenye nafasi za ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua. Mafua yanaanza kuisha, nafurahi, halafu yanarudi kwa nguvu: maumivu chini ya macho, nikiinama kusahihisha madaftari uso unakuwa mzito, mpaka meno ya juu yanauma. Yakipita siku kumi hivyo naenda kwa muganga wa hospitali. Na ile dawa ya kupuliza puani inayofungua mara moja, isizidi siku tano, baada ya hapo pua inaziba kwa sababu yake.

Mama wa Katindo
Na homa tusiite gripe kabla ya kupima malaria. Surua nayo huanza na pua na macho mekundu.

Yaya wa Himbi
Kitunguu saumu kibichi, asubuhi na jioni. Mtu hakukaribii, hakuambukizi.

Dereva wa lori
Setirizini inalalisha? Mimi niko njia ya Butembo.

Muuguzi, Keshero
Wengine inawalalisha, kwa hiyo imeze usiku ukiwa hauendeshi, uone mwili wako. Loratadini hailalishi sana kama setirizini, ulizia hiyo. Klorofenamini, ile rahisi ya njano, usiiguse ukiwa na safari.