"Went" ilitoka wapi? Ina udugu na "kwenda"?

BabaMwanafunzi:
Wakuu, naombeni msaada. Binti yangu wa miaka saba anajifunza Kiingereza. Juzi aliandika "I goed", nikakata kwa kalamu nyekundu na kuweka "went". Akaniuliza, "Baba, sasa herufi za go zimekwenda wapi?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. Jibu hilo halikumridhisha, na mimi pia halikuniridhisha. Tena, nikiitamka "went" nasikia kama "kwenda". Kuna lugha iliyoazima kwa mwenzake hapa?

MpekuaKamusi:
Ndugu yangu, mpe hongera huyo mtoto. Herufi za "go" hazikwenda popote, maana hazikuwahi kuwamo. "Went" ni mtoto wa kitenzi kingine kabisa: "wend".

Katika Kiingereza cha Kale, kwenda kulikuwa "gān", na wakati wake uliopita ulikuwa "ēode". Nalo "ēode" halikufanana na "gān" hata kidogo, kwa hiyo kasoro hii ni ya zamani sana. Pembeni palikuwa na "wendan", yaani kugeuza au kugeuka. Kijerumani bado kinasema "wenden" kwa maana hiyohiyo. Kitenzi hiki kilizaliwa na "wind", kujipinda au kuzunguka, kwa njia ambayo sisi tunaiita kauli ya kutendesha, kama "rudi" inavyozaa "rudisha". Anayegeuza uso kuelekea mahali kwa kawaida huenda huko, basi polepole "wend" ikawa kushika njia, kisha kwenda tu.

Kufikia karne ya 15, huko kusini mwa Uingereza watu waliiacha "ēode", ambayo wakati huo ilishachakaa kimatamshi, wakachukua "went" kujaza pengo. Kaskazini na Uskoti walifanya alichofanya binti yako: walitunga "gaed" kutokana na "go" yenyewe! Kwa kweli hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Mtoto hakukosea kufikiri, alifuata kanuni.

"Wend" nayo, baada ya kunyang'anywa "went", ikajitengenezea "wended". Leo imebaki karibu katika msemo mmoja tu, "wend one's way".

Bint_Sarufi:
Nakazia hapo kwa Mpekua. Kifaransa nacho ni hivyo hivyo: "nous allons" (tunakwenda), "je vais" (nakwenda), "j'irai" (nitakwenda), zote ni za kitenzi kimoja, na "vais" na "irai" zimetoka katika vitenzi viwili tofauti vya Kilatini. Vitenzi vinavyotumika kila siku ndivyo vinavyodumu na sura zake za ajabu, kwa sababu mtoto huvisikia mapema na mara nyingi mno.

Kuhusu "kwenda", hapana, hakuna udugu. Yetu ni ya Kibantu. Tazama Kiganda "okugenda" na Kinyarwanda "kugenda": ile "g" sisi tumeidondosha. Sauti zimegongana tu.

BabaMwanafunzi:
Asanteni sana. Ila Mpekua, mbona "went" ina "t" mwishoni wakati "wend" ina "d"?

MpekuaKamusi:
Iweke pamoja na wenzake: send, sent, bend, bent, spend, spent, lend, lent. Ni ya kundi hilo. Ukiitazama peke yake karibu na "go" inaonekana kituko. Ukiirudisha kwa ndugu zake, haina ajabu yoyote.

BabaMwanafunzi:
Jioni hii nimemwandikia jozi hizo kwenye daftari, mwisho nikaweka "wend" na nafasi tupu. Amejaza "went" mwenyewe bila kuniuliza. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa juzi na kuchora mshale kutoka "goed", pembeni akaandika: Uskoti.