Nyumba ya milioni 75 Kibada: nichukue mkopo wa benki au ninunue kiwanja nijenge mdogo mdogo?

Mama_Nuru · Jumapili, saa 2:40 usiku

Habari za usiku ndugu zangu. Naombeni mawazo, maana mwenzangu ameniachia niamue na usingizi sipati. Tumepata nyumba Kibada, Kigamboni. Vyumba vitatu, kimoja masta, ina uzio na kisima. Mwenye nyumba anataka milioni 75 na hashuki. Sisi tuna milioni 14 tulizojibana miaka minne.

Naona njia tatu. Tuchukue mkopo wa nyumba benki, hiyo 14 iwe kianzio. Au tununue kiwanja Tuangoma au Chamazi tujenge mdogo mdogo. Au tuendelee kupanga hapa Mbagala, tuzidi kuweka akiba. Ipi ina nafuu? Mwenye nyumba anataka arbuni, yaani hela ya kumshika asiuzie mwingine, milioni 5 kabla ya Ijumaa.

Fundi_Chamazi · Jumapili, saa 2:58 usiku

Dada, jenga. Milioni 14 inakupa kiwanja kizuri huku Chamazi ndani na msingi unaanza. Mwaka huu msingi, mwakani boma, mwaka wa tatu unapaua. Ukishapaua na kuweka milango miwili na grili unahamia, hata sakafu ikiwa ya zege la jamvi tu. Kodi ya nyumba inakoma siku hiyo. Nimejenga za watu wengi kwa mtindo huo, na yangu nimejenga hivyo hivyo, bila kumpigia magoti mtu wa benki.

Kaka_Tabata · Jumapili, saa 3:10 usiku

Dada yangu, swali lako halijibiki. Nyumba ina hati miliki, au ni mauziano ya serikali ya mtaa? Wewe ni mwajiriwa au mfanyabiashara? Mshahara kiasi gani? Una mkopo mwingine? Bila hayo kila mtu hapa atakuambia alichofanya yeye.

Mama_Nuru · Jumapili, saa 3:31 usiku

Samahani kaka. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, ajira ya kudumu. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki. Hati anasema ipo, bado hajanionyesha.

Kaka_Tabata · Jumapili, saa 3:36 usiku

Anadai arbuni ya milioni 5 na hati hajaonyesha? Simama hapo hapo kwanza.

Mstaafu_Mikopo · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mwanangu, nimekaa kitengo cha mikopo miaka kumi na moja. Nikupe hesabu ambayo wateja wengi walikuja kuiona wakiwa wameshasaini.

Benki nyingi hazitoi bei yote. Chukulia wanakupa asilimia 80, kwa hiyo kwenye 75 unatoa 15 mwenyewe na wao wanatoa 60. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayopigwa kwenye deni lililobaki, kwa miaka 15, rejesho lake ni kama shilingi 840,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, kwenye hiyo 840,000, riba peke yake ni 750,000. Deni linapungua kwa 90,000 tu. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa zaidi ya milioni 50, na ukiomba salio utaambiwa bado unadaiwa karibu milioni 52. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya dirisha kwa jambo hilo. Hawakuibiwa, ila hakuna aliyewaeleza mapema.

Afisa akikuona umeshtuka atakushauri urefushe hadi miaka 20. Rejesho litakuwa kama 790,000. Umepunguziwa 50,000 kwa mwezi, lakini mpaka mwisho utakuwa umelipa kama milioni 38 zaidi ya yule wa miaka 15. Uliza pia kama wanaruhusu kulipa kabla ya muda na kama kuna faini. Kila laki unayoongeza miaka ya mwanzo inakata deni lenyewe.

Na hiyo 14 yako si kianzio chote. Kuna mthamini, mwanasheria, ada ya mkopo, ushuru wa stempu wa asilimia 1, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto. Tenga milioni kadhaa pembeni.

Mama_Nuru · Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Sikujua hilo la miaka mitano. Nimelisoma mara tatu.

Mstaafu_Mikopo · Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Marahaba. Taja mshahara wa msingi na makato. Bila hiyo nakupigia hesabu ya mtu mwingine.

Mama_Nuru · Jumatatu, saa 7:20 mchana

Msingi ni 1,900,000. Bodi ya Mikopo bado wananikata deni la chuo. Halafu nina mkopo wa mshahara, 210,000 kwa mwezi, umebakiza miezi 14.

Kaka_Tabata · Jumatatu, saa 7:24 mchana

Hayo ndiyo ungeanza nayo jana, dada.

Mstaafu_Mikopo · Jumatatu, saa 8:02 mchana

Sasa tuone. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5 ni 95,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 57,000. Bodi asilimia 15 ni 285,000. Kodi ya mapato kama 369,500. Kabla ya mkopo wowote unabaki na takriban 1,093,500. Mtumishi lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako ni 633,000 na ushee. Nafasi ya kukatwa ni kama 460,000. Ondoa 210,000 ya mkopo ulio nao, imebaki 250,000.

Rejesho la nyumba ya Kibada ni 840,000. Hata ukimaliza ule mkopo wa mshahara, 460,000 inabeba kama milioni 33 kwa miaka 15, au 35 kwa miaka 20. Mshahara wako peke yake haufiki. Njia iliyopo ni mkopo wa pamoja na mumeo, na hapo benki itataka leseni ya biashara, TIN na taarifa za akaunti. Hela ya duka anaipitisha benki au inakaa kwenye droo?

Mama_Nuru · Jumatatu, saa 8:30 mchana

Inakaa kwenye simu na kwenye droo.

Binti_wa_Pangani · Jumatatu, saa 3:45 usiku

Mama Nuru, nimesoma neno arbuni nikakumbuka yangu. Ni refu, nivumilie.

Tulipata nyumba kando ya barabara kubwa. Nzuri, vigae vipya, rangi ya maziwa. Bei milioni 80. Mwenye nyumba alitubana kama unavyobanwa, kwamba kuna mtu anatoka Mwanza na hela mkononi. Tukatoa arbuni milioni 5, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne, picha tukapiga. Nilirudi nyumbani nikaanza kupima mapazia.

Benki ikamtuma mthamini, kijana mdogo tu, na tepu na daftari. Alizunguka nyumba mara mbili bila kusema neno. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na ua la asumini limepandishwa kwenye waya. Akasogeza majani, akatoa ufunguo wa pikipiki, akaanza kukwangua rangi. Ile rangi ya maziwa ikatoka vipande vipande, chini yake ikaonekana nyekundu. Akaendelea mpaka ukaonekana mkono mmoja wa X, ile alama ya nyumba za kubomolewa. Baraza lote na nusu ya sebule vilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara.

Ripoti ikatoka: milioni 62. Na benki haiangalii bei mliyokubaliana na muuzaji, inaangalia thamani yake. Asilimia 80 ya 62 ni milioni 49 na laki sita. Kufika 80 tulihitaji zaidi ya milioni 30 zetu, na tulikuwa na 16. Tukarudi kwa mwenye nyumba kudai arbuni, akasema mliovunja makubaliano ni ninyi. Miezi saba tunapanda na kushuka kwa mwenyekiti na baraza la kata. Tulipata milioni 3. Mbili zilipotea, na mume wangu mpaka leo sipendi kumkumbusha.

Kwa hiyo mdogo wangu, usitoe hata laki kabla hujapeleka namba ya kiwanja ardhi ukafanya upekuzi, uone jina la mmiliki na kama hati haiko rehani kwingine. Na ikibidi utoe, mkataba uandikwe na wakili, useme wazi: benki ikikataa au thamani ikishuka, hela inarudi yote.

Fundi_Chamazi · Jumatatu, saa 4:02 usiku

Pole sana dada. Ila hiyo X ingekuwa ya kijani mngelipwa fidia.

Kaka_Tabata · Jumatatu, saa 4:11 usiku

Fidia angelipwa mwenye nyumba, mnunuzi angebaki na tofali. Na usichanganye watu: zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande, sheria ya 2007 ikaipeleka mita 30. Kijani ni kwa waliokutwa kwenye hizo 7.5 zilizoongezwa. Ukiwa ndani ya 22.5 ni nyekundu, hakuna fidia.

Fundi_Chamazi · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Nimebomolewa wateja wawili mimi, nazijua X zote. Wengine walikuwepo kabla ya barabara yenyewe.

Kaka_Tabata · Jumatatu, saa 4:26 usiku

Na waliovunjiwa wengi walikuwa na karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, kama zinazotembea huko Chamazi. Mwambie dada ukweli: kiwanja ambacho hakijapimwa hakitampa rehani benki hata akijenga ghorofa.

Fundi_Chamazi · Jumatatu, saa 4:33 usiku

Asiye na deni anataka rehani ya nini?

Abu_Salma · Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Assalaam alaykum. Dada hajasema kama riba kwake ni tatizo la dini. Kama ni tatizo, aulizie murabaha. Benki inanunua nyumba, kisha inakuuzia kwa bei ya juu mnayokubaliana mwanzoni, unalipa kidogo kidogo na bei haibadiliki. Amana Bank wanafanya kazi kwa misingi hiyo, na benki nyingine kubwa zina madirisha yake.

Kaka_Tabata · Jumanne, saa 1:00 asubuhi

Waalaykum salaam. Nilipiga hesabu ya hiyo, rejesho lilikaribiana kabisa na la riba.

Abu_Salma · Jumanne, saa 1:18 asubuhi

Rejesho kukaribiana sikatai. Lakini huku nimenunua kitu, kule nimekodi hela. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa, na najua bei yangu ya mwisho tangu siku ya kwanza.

Mkaazi_Kitengela · Jumanne, saa 6:40 mchana

Salamu kutoka Kenya. Huku watu wengi tunapitia Sacco, chama cha akiba na mikopo. Unaweka akiba, unakopeshwa hadi mara tatu yake, mradi upate wadhamini. Kuna pia nyumba za serikali za Boma Yangu, na kila mwezi mshahara unakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, utake usitake. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hivyo nikiona hiyo 1 yenu nawaonea wivu. Mama Nuru, hapo kazini hakuna Sacco?

Mama_Nuru · Jumanne, saa 10:15 jioni

Ipo SACCOS, sijajiunga. Nilidhani ni ya kukopea ada za watoto tu.

Binti_wa_Pangani · Jumanne, saa 10:40 jioni

Na hiyo 14 mmeiweka wapi? Isije ikawa kwenye akaunti ya kawaida miaka yote minne.

Mama_Nuru · Jumanne, saa 10:52 jioni

Ya kawaida dada. Niliogopa kuifunga.

Binti_wa_Pangani · Jumanne, saa 11:05 jioni

Sisi baada ya yale yaliyotupata tulihamishia UTT, uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi. Unanunua vipande, na ukitaka hela unaviuza, siku chache za kazi unaipata. Haifungwi. Nimeweka utaratibu: mshahara ukiingia, kabla ya sokoni, 300,000 inaenda.

Mstaafu_Mikopo · Jumanne, saa 2:30 usiku

Ningekuwa mimi, ningemaliza ule mkopo wa mshahara kwanza, na duka la mumeo lianze kupita benki kuanzia wiki hii, ili mkienda kuomba mkopo wa pamoja kuwe na kitu cha kuonyesha. Tena kwa kuwa wewe ni mtumishi, nenda Watumishi Housing uulize mpangaji mnunuzi. Unaishi ndani huku unalipia nyumba yenyewe.

Fundi_Chamazi · Jumanne, saa 2:41 usiku

Miezi 14 ya kusubiri na saruji itapanda. Kiwanja kilichopimwa kipo pia huku, kaka Tabata asikutishe. Nitafute nikuonyeshe viwili.

Mama_Nuru · Alhamisi, saa 1:05 usiku

Nimerudi. Leo mwenye nyumba alinipa nakala ya hati. Jina lililoandikwa si lake, ni la marehemu kaka yake. Anasema mirathi imeshafunguliwa na wao familia wamekubaliana. Mume wangu anasema tutoe hata milioni 2 tumshike asiuze.

Kaka_Tabata · Alhamisi, saa 1:09 usiku

Msimamizi wa mirathi ni nani? Barua ya mahakama umeiona? Marehemu aliacha mjane?

Mama_Nuru · Alhamisi, saa 1:22 usiku

Mjane yupo, anaishi Tanga. Barua sijaiona.

Binti_wa_Pangani · Alhamisi, saa 1:25 usiku

Mdogo wangu, nakuomba, usitoe.

Mama_Nuru · Alhamisi, saa 1:48 usiku

Nimemwambia mume wangu twende ardhi kesho asubuhi kabla hajafungua duka. Nitawajulisha.

Mgeni_Sengerema · Ijumaa, saa 4:12 asubuhi

Habari wakuu. Nimefuatilia uzi wote. Hiyo ya vipande vya UTT, mtu aliye mbali na Dar anaanzaje? Lazima nije mjini?

Binti_wa_Pangani · Ijumaa, saa 5:30 asubuhi

Hapana, unajisajili kwa simu. Uwe na namba ya NIDA na akaunti ya benki yenye jina lako.