Jina la ukoo MAZRUI: asili yake wapi, maana yake nini na mbona wachache hivi?

mzigua_wa_pangani

Wakuu habari za jioni. Mdogo wetu wa kike kaletewa posa na kijana wa hapa hapa Dar, kijana mstaarabu, swala tano, kazi anayo, hatuna neno naye. Sasa kwenye barua ya posa jina lake la mwisho ni Mazrui na baba mkubwa kashikilia hapo hapo, anataka kujua hawa ni watu gani na wametokea wapi. Mimi nimesoma Tanga na Dar sijawahi kukaa darasa moja na Mazrui hata mmoja. Kijana anasema babu zake walitokea Mombasa, ukimuuliza zaidi anasema wazee waliokuwa wakijua hayo wote walishatangulia mbele za haki. Nikiingia mtandaoni naona Mazrui waziri huko Uarabuni, naona mchezaji wa Morocco, naona profesa wa Marekani, je hao ni ukoo mmoja? Jina maana yake nini? Na mbona huku kwetu hawaonekani? Alafu baba mkubwa anauliza kama ni wa madhehebu ya Kiibadhi, yale ya Waomani, manake sisi nyumbani ni Mashafii. Naombeni anayejua aseme, asiyejua asibahatishe, jibu hili linaenda kwenye kikao cha familia. Naomba kuwasilisha.

kibokoni_kwetu

Waalaykum salaam ndugu yangu, umeuliza jina ambalo hapa Mombasa halihitaji utambulisho, ingawa hata hapa si wengi kama watu wanavyodhani.

Mazrui ni kabila la Waarabu wa Oman, kwa Kiarabu ni al-Mazrui na wakiwa wengi huitwa Mazari'. Asili ya neno ni zaraa, kupanda au kulima, ndio hiyo hiyo zaraa ya Kiswahili cha wazee, na mazraa ni shamba. Kwa hiyo ukitaka maana ya jina ni habari ya kilimo tu, lakini usimwambie mzee wako kuwa babu yao alikuwa mkulima, jina la kabila halifanyi kazi hivyo, mtu hulirithi kwa baba yake, na baba kwa babu, hata kama ukoo mzima ni mabaharia.

Walivyofika huku ni hivi. Waomani walimtoa Mreno Ngome ya Mombasa mwaka 1698, wakati huo Oman watawala ni Mayaarubi. Baadaye kwenye miaka ya 1730 Mayaarubi wakamweka Muhammad bin Uthman al-Mazrui kuwa liwali wa Mombasa. Kule Oman utawala ukageuka, akashika Ahmad bin Said wa Mabusaidi, Muhammad bin Uthman akakataa kumtii, akauawa ndani ya Ngome mwaka 1746. Ndugu yake Ali akatoroka, akarudi na watu wa mji, akaitwaa Ngome. Kuanzia hapo Mombasa ilikuwa na watawala wake wenyewe karibu miaka tisini, na Pemba pia ilikuwa chini yao mpaka miaka ya 1820. Mashairi ya Muyaka bin Haji ya vita na Lamu na Unguja ni ya zama hizo, Muyaka alikuwa mtu wao.

Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Kibusaidi wa Oman na Unguja, ndio akaimaliza Mombasa. Wakubwa wa Kimazrui walikamatwa wakasafirishwa mpaka Bandar Abbas, na huko ndiko walikoishia. Naomba watu wasipite haraka hapa, huu ndio mwanzo wa jibu la swali lako la uchache. Wanaume wa ukoo, ambao ndio wanaobeba jina, waliondolewa kwa mkupuo, waliosalia wakagawanyika, wengine kusini Gazi wengine kaskazini Takaungu. Mji waliokuwa wakiutawala ukabaki na wachache.

dafu_la_mchangani

Mchezaji wa Morocco muondoeni kwenye hesabu, Noussair Mazraoui ni jina lingine kabisa. La kwake ukiliandika kwa Kiarabu halina herufi ain, la Mazrui linayo. Kwa herufi zetu yanafanana ndio maana watu wanachanganya. Profesa ndio wa ukoo wa Mombasa haswa, Ali Al'amin Mazrui, kazaliwa Mombasa 1933 na kafariki Marekani 2014, akarudishwa kuzikwa kwao. Baba yake Sheikh al-Amin bin Ali alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ndiye aliyetoa magazeti ya Al-Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930.

abudhabi_shift_ya_usiku

Niko huku Emirates niongezee upande wa idadi, manake jina hili mtu akiwa Dar analiona adimu, akishuka Abu Dhabi analiona kila kona. Kazini kwangu tu wapo, benki wapo, uhamiaji wapo, waziri wa nishati Suhail Al Mazrouei ni wa jina hilo. Huku Mazari' wanahesabiwa ndani ya muungano wa Bani Yas na mashamba yao ya mitende yalikuwa Liwa, huko jangwani kusini. Oman wapo, Qatar wapo.

Shida ya hizi tovuti zinazohesabu majina ni tahajia. Huku mtu anaandikwa Mazrouei, mwingine Mazroui, mwingine Mazrooei, huko Kenya ni Mazrui, na kwa Kiarabu wote hao ni neno moja. Kompyuta inawahesabu kama koo nne tofauti alafu inakuambia jina ni adimu. Ukikuta tovuti inakupa tarakimu kamili ya Wamazrui duniani usiipeleke kwenye kikao cha wazee.

Na pia kuitwa jina moja hakumfanyi huyo kijana awe binamu ya waziri. Walioondoka Oman karne tatu zilizopita na waliobaki Liwa kila mmoja kaenda zake, wanakutana juu sana kwenye nasaba.

binti_wete

Assalaam alaykum. Kaka mzigua hao watu unao huko bara ila huwaoni kwa sababu jina halimo kwenye vyeti. Sisi Visiwani na hata nyinyi Bara ukienda kuchukua kitambulisho au pasipoti unaandika majina matatu, lako, la baba na la babu, basi. Mtu ni Said Khamis Rashid kwenye karatasi zote, jina la ukoo analisikia siku ya ndoa au kwenye msiba. Kwetu Pemba ninawafahamu watu ambao kabila lao ni hilo na hakuna hata karatasi moja inayosema hivyo. Huyo kijana kuliandika kwenye barua ni heshima, anajitambulisha kamili.

Jambo la pili wanawake wetu hawabadili jina wakiolewa na watoto wanafuata upande wa baba. Kwa hiyo mama Mazrui akizaa watoto saba wote ni wa ukoo mwingine. Damu imeenea kuliko jina, na mimi hapo naona ndio jibu la "wachache" kuliko hata hizo vita.

Na serikali haziwezi kukusaidia. Tanzania sensa iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967. Kenya wanauliza, sensa ya 2019 ilikuta Waarabu wa Kenya kama 59,000, lakini hao ni wa koo zote pamoja, Mabusaidi humo, Mamandhry humo, Washihiri humo.

mzigua_wa_pangani

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Bado mawili. La Uibadhi hamjaligusa, na hili la Dar, walifikaje huku kama walikuwa Gazi na Takaungu?

kibokoni_kwetu

La Dar lina tarehe. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki, Waingereza wakamtia wanayemtaka wao badala ya aliyeona haki ni yake, vita vikawaka pwani nzima. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, ambaye alikuwa ameshapigana na Unguja miaka na miaka, akaingia. Waingereza wakaleta askari mpaka kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka kuingia kwa Mjerumani na wafuasi zaidi ya elfu moja, akakaa Dar es Salaam mpaka kufa kwake 1910. Kwa hiyo Mazrui wa Dar anayesema babu zake ni wa Mombasa anasema jambo linaloingia akilini kabisa. Ila wafuasi wale hawakuwa wote wa damu moja, walikuwemo askari, watumwa na walioachwa huru, na pwani hii watu kama hao walikuwa wakishika jina la mkubwa wao. Baba mkubwa akitaka kufukua mpaka huko atawaumiza watu bure, anayeoa ni kijana.

La Uibadhi, walikuja kweli ni Maibadhi, lakini Wamazrui wa Mombasa wengi waliingia Ushafii karne ya 19, na makadhi wakubwa wa Kishafii wa mji huu wametoka kwao. Kijana akiswali na nyinyi mtamuona mikono anaweka wapi, Mashafii huifunga, Maibadhi huiachia.

Muulizeni jina la babu wa babu na kama kwao ni Gazi, Takaungu au Mombasa mjini. Akipata hayo mawili aniletee inbox, hapa Kibokoni wapo wazee walioandika nasaba na makaburi ya ukoo yako mkabala na Ngome, huyo profesa naye yumo humo. Nitawauliza mwenyewe.

mzigua_wa_pangani

Mkuu nimeshamtumia kijana meseji, anasema shangazi yake wa Kariakoo anakumbuka Gazi. Nakuja inbox.